Harufu Iliyotoka Kwenye Televisheni

Akina mama, sogeeni. Wa mlangoni, rudisha mlango. Kabla sijafungua mdomo, kila mmoja aseme: haki ya Mungu, haya hayatoki humu ndani. Mmesema? Mbona huko nyuma sijasikia sauti? Haya. Mimi mwenyewe niliapishwa hivyo hivyo Jumatatu, jikoni kwa watu, nikaapa mara tatu. Leo Alhamisi, na jambo limenikwama kifuani kama muhogo usio na chai. Mola anisamehe, maana mfano wenye faida ukikaa kifuani mwa mtu mmoja, utamfaa nani?

Kulikuwa na bibi mmoja mpika vitumbua. Jina lake silitaji. Nyumba yake ni ya tatu ukitoka kisimani, ina mlango wa kijani, lakini jina silitaji. Leo hayupo, nimeshaangalia.

Bibi huyu alikuwa na raha zake. Kila asubuhi alikaa nyuma ya chuma chake cha vitumbua, kijiti mkononi, anageuza, anaongea, anageuza. Watu walimjua kabla hawajamwona: ukisikia iliki, tui na moshi wa kuni kichochoroni, bibi yuko karibu. Watoto wa mtaa walimrukia, wakajifutia pua kwenye kanga yake, naye hakuwa na neno.

Basi mwanawe, katika kumpenda mama, akamletea televisheni pana kama mlango wa kabati. Bibi akanogewa na tamthilia. Lakini mnazijua tamthilia zilivyo. Bwana harusi anakaribia kabisa kuambiwa kuwa bibi harusi ni dada yake, pale pale wanakata: matangazo! Na sisi hukaa tukisema tunangoja yapite. Yanapita wapi, akina mama? Yanaingia, yanavua viatu, yanakaa.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi. Mwanamke mzuri, kavaa akavalika, anaingia ofisini. Wenzake wanageuza nyuso, mmoja anashika pua. Halafu sauti ya mwanamume, nzito, sauti ya mtu aliyeshiba, inasema: "Anayenuka hajijui. Wenzake wanajua." Kisha kinatokea kikopo cha kupuliza, pss, pss, na ofisi nzima inacheka naye. Jina la kikopo silisemi. Wakitaka niwatangazie, waje walipe.

Siku ya kwanza bibi alicheka. Siku ya tatu hakucheka. Wiki ya pili alijifungia chumbani akajinusa kwapa.

Asubuhi moja mteja akajifuta pua mbele ya jiko. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umemwingia. Lakini bibi akasema moyoni, huyu anajua. Shoga yake, Bi Siwatu, akacheka huku kafunika mdomo kwa upindo wa kanga. Mwanamke yule anafunika mdomo tangu jino lake la mbele lilipong'oka, mwaka wa nne huu, na bibi mwenyewe ndiye aliyemshauri afunike! Lakini sasa bibi akaona, ahaa, na huyu naye anajua.

Akanunua kikopo. Kikaisha, akanunua viwili. Msikitini akahamia mwisho wa safu, pembeni, karibu na viatu. Chuma cha vitumbua akakitundika ukutani. Watu wakauliza, akasema magoti yanamuuma.

Katikati ya hayo mkwewe akajifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wa kwanza huyo, aliyeombwa miaka sita! Na kwetu mnajua: bibi mzaa baba ndiye wa kumkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye wa kumwogesha mtoto, na siku ya arobaini ndiye wa kumbeba kumtoa nje alione jua. Bibi alifanya nini? Akamtuma jirani. Yeye akawa anasimama kizingitini, kanga puani, anauliza, "Anaendeleaje?" kisha anaondoka. Mikono inamwasha kwa hamu ya kumshika, lakini aliogopa mtoto asije akakunja uso. Mteja akikunja uso, utajikaza. Mjukuu je?

Siku ya thelathini na nane mkwe akashindwa kuvumilia.

"Mama," alisema, macho chini, "kama nimekukosea, niambie mimi. Mtoto hajakukosea."

"Hujanikosea, mwanangu."

"Basi mbona humbebi? Hata wapita njia wamembeba, Mama."

"Nina mafua."

Mafua ya siku thelathini na nane, akina mama!

Jioni hiyo akaja Bi Siwatu. Hakubisha hodi, wala hakuketi.

"Shoga, huko nje wanasema mjukuu umemkataa. Wanasema eti humwoni kufanana na mwanao."

"Mungu wangu! Nani kasema?"

"Aliyesema muache. Wewe una nini?"

Bibi akatazama chini. "Nanuka."

"Unanuka nini?"

"Sijui. Anayenuka hajijui."

"Nani kakwambia unanuka?"

"Televisheni."

"Televisheni ina pua?"

"Haina pua, ina wasomi."

Siwatu akamsogelea. Akamnusa shingo, akamnusa kichwa, akamnusa kanga kama paka anayekagua samaki. "Unanuka hicho kikopo chako," akasema. "Zaidi ya hapo sisikii kitu."

"Wewe ni shoga yangu. Huwezi kuniambia kweli."

Mmesikia neno hilo? Huyu ni rafiki wa miaka arobaini, wamezikiana wazee wao, wameazimana mpaka sufuria za harusi, na amenusa kwa pua yake mwenyewe. Hakuaminiwa. Akaaminiwa mwanamume asiyejua hata kama bibi huyu yuko duniani, aliyelipwa kusema alichosema.

"Kesho kutwa utambeba mtoto," Siwatu akasema, "au nitakuja kukukokota mbele za watu."

Kesho kutwa ikafika. Sebule imejaa akina mama, kasida zinaimbwa, udi unafuka, pilau inanukia uani. Bibi alioga mara tatu. Akajipulizia kikopo, kikalia mpaka kikanyamaza. Akaenda roho mkononi. Mkwe akamwekea mtoto mikononi, kavikwa mavazi meupe, kofia ya zari kichwani, kazungushiwa shuka jipya. Mtoto akatulia, akamtazama. Bibi naye akamtazama, akasahau. Kwa muda wa kasida moja, bibi yule alisahau kila kitu.

Akapiga hatua ya kwanza kuelekea mlangoni, jua linangoja nje. Akapiga ya pili.

Harufu ikatoka.

Tena haikuwa harufu ya kuulizana. Mama wa kwanza akakunja pua. Wa pili akamtazama wa tatu. Kasida ikakatika katikati ya ubeti. Na bibi akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia:

"Jamani, msitazamane. Ni mimi. Nimeoga mara tatu, nimemaliza kikopo kizima, na bado ni mimi. Mchukueni mtoto, nitoke."

Hapo nasimama kidogo. Msinivute kanga, nitamaliza.

Kikopo alikinunua, tunakubali. Lakini kabla ya kikopo kuna kitu kingine aliuziwa, na hicho hakukiona kikipita mlangoni: aliuziwa uvundo. Ndivyo wafanyavyo. Kwanza wanakuletea uvundo, bure, mpaka juu ya mkeka wako. Ukishaupokea, ndipo wanakuuzia dawa yake. Na sisi je? Nani alitwambia rangi ya ngozi zetu ina kosa? Nani alitwambia mtoto asiyekula kitu cha kopo mama yake hampendi? Ulikuwa umekaa kwako, umeridhika, chai yako mkononi. Ukainuka na ila tatu ambazo asubuhi hukuwa nazo. Umezitoa wapi?

Sisemi tusioge. Usafi ni dini yetu, na wachafu siwatetei. Wala sisemi tuzizime televisheni. Mimi mwenyewe nataka kujua yule bwana harusi kaishia wapi. Nasema sauti ile ikija kutuhukumu, tuiulize: wewe na mimi tulionana lini? Kisha tumgeukie aliyekaa ubavuni petu, anayetujua kwa mema na mabaya, tumwamini huyo. Mola katuumba kwa mikono ya huruma, akatupa watu wa kutupenda tulivyo, na sisi tunawakimbia watu hao kwa neno la mtu aliye ndani ya sanduku! Bibi yule ilibaki kidogo ampoteze mjukuu, na mjukuu yumo mikononi mwake.

Haya, turudi sebuleni.

Bibi kasimama katikati, machozi yanamtoka, anangoja atolewe nje. Bi Siwatu akainuka, akapita katikati ya watu. Hakumgusa bibi. Akainua tu ncha ya lile shuka jipya.

Wote wakaona. Kuanzia mgongoni mpaka kwenye soksi, na kwenye mkono wa bibi mpaka kiwikoni, manjano tupu, bado ya moto.

"Mwenye harufu huyu hapa," Siwatu akatangaza, "na ushahidi wote kaushika bibi yake!"

Sebule ikalipuka. Mkwe akanyoosha mikono ampokee mtoto, uso umemwiva kwa haya, bibi akamkatalia. "Niachie," akasema, "niachie mwanangu," akamkumbatia na uchafu wake wote, analia, anacheka, hajui aanze lipi. Na yule mkosaji, aliyekamatwa mchana kweupe mbele ya akina mama wote wa sebule ile, kofia ya zari imemwangukia jicho moja, akawatazama mmoja mmoja, asione haya hata kidogo. Kisha akakaza uso, akaongeza.