Jani la Mwanahenzi

Paukwa! Itikieni upesi, na mlango msiufunge, maana namleta mwenye njaa.

Mgeni kutoka Uchina alimpa Mwanahenzi mbegu za jani lililo kijani juu, zambarau chini. "Ukilipika," alimwambia, "usile kwa siri."

Mwanahenzi alilitia kwenye samaki wa nazi. Lo, utamu huo! Akala kimya, bila kumwambia mpita njia karibu.

Harufu ikafika msituni. Zimwi likaja, halikukaribishwa, likameza mbuzi. Jioni ya pili akafunga dirisha, akala. Zimwi likaja, halikukaribishwa, likammeza mumewe, Kombo. Akalia, akapika tena! Jioni ya tatu akatia komeo mlangoni, akala. Komeo likang'oka.

"Karibu chakula!" akapiga ukelele.

Zimwi likasita. Aliyekaribishwa hamli mwenyeji wake. Likaketi mkekani, likatafuna jani moja, likapiga chafya: Kombo huyo akatoka, na mbuzi nyuma yake.

Sasa zimwi hupita pale kila jioni. Mwanahenzi huwahi kuita, "Karibu!" Sisi tungejibu, "Starehe, nimeshiba."

Zimwi hujibu, "Starehe." "Nimeshiba" halijasema bado.