Kamati ya Kuchagua Mkanda wa Doa

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Mnaona? Uwanja wa fundi ngozi, vipande vya ngozi vimetapakaa kila upande, na katikati mbwa mmoja mwembamba ameketi, mkia chini. Wakubwa watatu wanamzunguka, wanaitazama shingo yake kama watu wanaochagua boga sokoni.

Basi ilikuwa hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, mabaraza yao na vikao vyao virefu. Mbwa huyo aliitwa Doa. Kazi yake ilikuwa kulinda boma la Mama Mbuzi. Chui alipokuja kunyemelea watoto wa mbuzi, nyayo zake hazikulia hata kidogo, lakini pua ya Doa ilimjua. Bwe! Bwe! Bwe! Chui akarudi kwake na njaa yake.

Taabu ni kwamba mchana Chui huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Akatunga sheria: mbwa asiye na mkanda shingoni ni mbwa koko, na mbwa koko afukuzwe kabla jua halijazama. Kisha, kwa huruma yake, akaunda kamati ya kumchagulia Doa mkanda. Wajumbe walikuwa Twiga, Kiboko, na yeye mwenyewe.

"Uwe mrefu," alianza Twiga. "Mkanda mfupi haufiki hata kooni."

"Kooni kwa nani?" aliuliza Kiboko.

"Kwangu."

"Sasa tunachagua mkanda wako au wa mbwa?"

"Shingo ni shingo, Mzee Kiboko."

"Hapana, bwana! Uwe mpana. Mimi nikivaa mwembamba unazama kwenye mikunjo, wala hauonekani tena."

Asubuhi ikapita hivyo. Wakanywa uji, wakala viazi, wakapongezana kwa kazi ngumu. Doa akainua mguu mmoja wa mbele.

"Samahani, wazee wangu. Mimi naomba tu mkanda utakaoniacha nimeze mate na nibweke."

"Kimya!" alifoka Kiboko. "Huoni tunashughulikia mambo yako?"

Hapo Chui akakohoa taratibu, kama mtu mpole.

"Wajumbe, tusigombane. Mkanda uwe wa ngozi mbichi. Ushonwe ungali umelowa, na ukazwe barabara. Tena uwe na kengele, tujue mlinzi wetu yuko wapi."

"Naam! Hilo ndilo wazo!" walisema wenzake, kwa kuwa viazi vilikuwa vimekwisha.

Doa akarudi nyuma hatua moja. Alikwisha kuona ngoma ikiwambwa. Ngozi mbichi ikilowa ni laini kama kitambaa, lakini ikipigwa na jua hunywea, ikakaza, mpaka ikawa ngumu kama ubao. Akivaa mkanda ule, kesho hatatoa hata mlio. Akiukataa, jioni atakuwa mbwa koko, na watoto wa mbuzi watabaki na nani?

Fundi wa kushona alikuwa Bi Kindi, mdogo wa mwili, mwepesi wa mikono. Doa akamsogelea, akanong'ona:

"Bi Kindi, utanishonea kifo changu?"

"Tulia, mwanangu," alijibu Bi Kindi, akikata uzi kwa meno. "Shingo yako naijua. Hebu kwanza tuipime ya mwenyekiti."

Akauinua ule mkanda uliolowa, aliokwisha kuufunga kengele, ukidondoka maji, akautikisa kwa nguvu zake zote. Ngelengele! Ngelengele! Wote wakageuka. Mama Mbuzi, aliyekuwa ameketi pembeni, akashtuka akasimama wima.

"Ebo! Mmeona?" alisema Bi Kindi. "Doa akipita sokoni na sauti hii, nani atabaki ameketi?"

Masharubu ya Chui yakaacha kucheza. "Una maana gani?"

"Sina maana yoyote, mheshimiwa. Mimi fundi tu. Lakini mbwa atapita, ngelengele, watu wote wainuke. Kisha atapita mwenyekiti wetu, kimyaa, kama paka wa jirani."

Kutoka juu kabisa, Twiga akacheka, "Kwi kwi kwi!"

"Nani paka?" Chui alinguruma.

"Si mimi ninayesema, baba! Nahofia watakavyosema watu."

Doa aliyatazama macho ya Chui. Yalikwenda kwenye kengele, yakaenda kwa Mama Mbuzi aliyesimama, yakarudi kwenye kengele.

"Kamati imebadili uamuzi," alitangaza Chui. "Kengele ni ya cheo. Nivalishe mimi."

"Lakini mheshimiwa, pengine itakusumbua..."

"Nivalishe, nimesema!"

"Nikaze?"

"Kaza! Mkanda wa kiongozi haulegei."

Bi Kindi akaacha nafasi ya pumzi, maana hakuwa muuaji, kisha akashona kwa uzi mgumu wa kano: chwi, chwi, chwi. Akamweka Chui juani "ili ung'ae". Chui akaketi pale mchana kutwa, shingo juu, akipokea sifa, hila yake mwenyewe ya ngozi mbichi imemtoka kichwani.

Huku nyuma Bi Kindi akachukua mkanda wa zamani, laini, uliopakwa mafuta ya ufuta. Akamfunga Doa, akapenyeza vidole viwili kati ya ngozi na shingo.

"Meza mate."

Doa akameza.

"Inama kama unakula. Sawa. Haya, bweka."

"Bwe!"

"Basi, huo ndio wako."

Kamati haikuuliza. Chakula cha mchana kilikuwa kimefika.

Jioni, tumbo la Chui likamkumbusha watoto wa mbuzi. Akashika njia ya bomani, akanyata kwa ustadi wake wote. Hatua ya kwanza: ngelengele! Akaganda. Akajaribu tena, polepole. Ngelengele!

"Karibu, mwenyekiti!" Mama Mbuzi alipaza sauti kutoka ndani. "Tumekwisha kusimama!"

Watoto wake wakaangua kicheko. Doa akabweka, bwe, bwe, bwe, kwa furaha tu. Chui akaukwaruza mkanda, akautafuna. Ulikuwa umekauka kama gogo, na kila alipouvuta kengele ilizidi kupiga kelele. Akatimka mbio. Kila nyumba aliyopita, wenyewe walitoka, wakasimama kwa heshima, marungu mkononi.

Hakuonekana tena kijijini, ingawa alisikika akienda kwa muda mrefu.

Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla hujamchagulia mwenzako cha kuvaa, iulize kwanza shingo yake.