Ufunguo wa Lango la Mfereji

KIKAO MAALUMU CHA DHARURA CHA KUMPATA MSHIKA UFUNGUO MMOJA (1) WA KUFULI LA LANGO LA MFEREJI. NAKALA TATU.

Hapo zamani, si zamani sana, maana mihuri ilikwisha kuwapo, ndivyo kilivyoandikwa kikao hicho katika kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga. Aliyeandika ni Mwalimu Ambakisye wa shule ya kijiji. Mlimani wingu lilikuwa jeusi tangu asubuhi, na nyumba yake, kama za jirani zake wote, ilikuwa chini ya tuta la mto.

Miaka thelathini Mwalimu aliwaambia wazazi neno moja: shule ni ungo. Hupepeta, mchele huku, chenga huku, pumba kule, kila mtu akaangukia mahali pake, kijiji kikaenda. Wazazi walikubali, hasa wazazi wa mchele.

Juma lililopita mto ulifurika. Lusajo, mwenye cheti cha kidato cha nne, alisoma nguzo ya kupimia maji, akaona yamepita alama nyekundu, akagonga kengele. Bila yeye watu wangekuwa bado wanapalilia. Asegelile, aliyekuwa kiranja wa shule, akaita, "Mstari!" Kijiji kizima kikajipanga kwa urefu, wafupi mbele, wenye mvi wakinyoosha mkono begani kwa aliye mbele, kama wako paredi ya asubuhi. Viroba vya mchanga vikapita mkono kwa mkono mpaka tuta likashika. Naye Tumpale mfyatua matofali, aliyeshika mkia darasani miaka yote, alikuta usukani wa lango umeganda kwa kutu. Akaumwagia mafuta ya taa, akaugonga kwa mpini wa jembe, ukazunguka, maji yakaenda bwawani.

Sasa wilaya ilikuwa imelitia lango kufuli na kumwachia Mwalimu ufunguo ampe atakayemchagua, na fomu yake ilitaka jina moja. Mwalimu aliuliza kama yasingefaa matatu. Afisa aliyeileta fomu akajibu kwa upole kwamba zilizo tatu ni nakala tu.

Lusajo alisema, "Mwalimu, ungo ni wako. Ukiniruka mimi, kesho nani atamleta mtoto shuleni?"

Asegelile akacheka. "Cheti hakikupokea kiroba hata kimoja. Watu walikaa mstarini kwa kuwa mpaka leo wananiogopa."

Tumpale alianza kwa shikamoo. Kisha akasema, "Kwenye ripoti yangu uliandika, 'Anafaa kazi za mikono tu.' Mikono ndiyo hii, Mwalimu."

Mwalimu akaandika jina, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta, mpaka karatasi ikatoboka. Afisa alitazama mlimani, akavaa koti lake la mvua.

Mvua ikaanza. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwa Mwalimu, na Mwalimu hajafungua lango hata siku moja.

Nanyi mliopepetwa kwa ungo uleule, mwambieni upesi: ampe nani?