Sikitu na Nafasi Moja ya Chuo

Hapo zamani, na nisikilizeni vizuri maana mwenyewe nimechanganyikiwa, palikuwa na shule milimani yenye benchi la wazito. Aliyeshindwa kusoma alikalishwa huko nyuma, akasahauliwa.

Huko alikaa Sikitu. Mtoto mchangamfu, nyimbo zote anazijua, lakini herufi zilimkimbia. Leo anaisoma "ba", kesho haijui.

Mwalimu Hoza akamwona. Akasema, "Huyu si mvivu. Asichapwe tena." Fimbo ikakoma. Lakini kumfundisha, hakumfundisha.

Mwalimu Kiondo akamwona. Akatandaza unga kwenye ungo, akamshika kidole, wakachora "ba", wakafuta, wakachora tena, mpaka Sikitu akasoma jina lake. Mama yake alilia kwa furaha. Lakini jamani, aliyekuwa akimchapa zamani ni Kiondo huyohuyo.

Mwalimu Mbelwa naye akamwona. Akajaribu, akashindwa, akakasirika, akamrudisha kwenye benchi.

Basi ikaja nafasi moja, moja tu, ya kwenda chuoni mwaka mzima kusomea kufundisha watoto kama wa benchi lile. Walimu hao watatu wakakutana ofisini kwa mwalimu mkuu, naye Mama Sikitu akaitwa pamoja na mwanawe.

Hoza akasema, "Nipeni mimi. Bila mimi mtoto angeshaacha shule. Jicho ninalo, nimekosa mbinu."

Kiondo akasema, "Nipeni mimi. Kwa Sikitu nilibahatisha. Wenzake niliwapa ungo uleule, hawakuambulia kitu."

Mbelwa akasema, "Nipeni mimi, kwa kuwa sijui. Hawa wenzangu angalau wana pa kuanzia. Mimi mkiniacha hivi, nitaendelea kuwaumiza."

Mwalimu mkuu akamgeukia Mama Sikitu. "Mama, wewe unasemaje?"

"Walimu wangu, nitasema nini? Kiondo akienda, mwanangu atasahau yote. Asipoenda, wale wa kwenye benchi watabaki palepale. Nao wana mama zao."

Nikawaza, aende Hoza. Nikawaza tena, hapana, Kiondo. Kisha nikamwonea huruma Mbelwa. Kichwa kikaniuma.

Sikitu alikuwa amesimama kando ya mama yake. Akauliza, "Atakayekwenda, atarudi?"

Mwalimu wa mwisho kupelekwa chuoni kutoka shule ile alibaki mjini mpaka leo. Hoza akatazama chini. Kiondo akatazama dirishani. Mbelwa akajifuta chaki mikononi.

Mwalimu mkuu ameshika kalamu, na mtoto anasubiri jibu. Nisaidieni nyinyi mliosikia. Je, nani alistahili kwenda? Na Sikitu ajibiwe nini?