Kofia ya Mwisho ya Fundi Lali

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, palikuwa na mshona kofia mjini Faza, Fundi Lali. Mkono wake ukaanza kutetemeka, sindano ikawa inamdondoka. Daktari akamwambia, "Ni Parkinson, maradhi ya kutetemeka na kuganda viungo. Hayaponi. Dawa utameza, lakini mwili usipoufanyisha kazi utakutupa."

Fundi akajifungia ndani. Mkewe, Mwanatumu, akaja juu. "Sikuolewa na maiti mie! Inuka!" Akainuka, miguu ikaganda kizingitini. Mwanatumu akashika mchi, akatwanga kinu kitupu, du! du! du! Kwa mdundo ule mguu ukanyanyuka. Miaka sita alitwanga kinu kitupu kila asubuhi, majirani wakimcheka.

Binti yao, Kibibi, akakataa kumfunga vifungo, akakataa kumlisha. "Fanya mwenyewe, Baba." Watu wakasema hana huruma. Maskini, alikuwa akilia jikoni peke yake.

Shee, rafiki wa Fundi, akatembea naye kila siku hadi msikitini. Siku Fundi alipoteleza, Shee alijitupa chini yake amkinge. Fundi akasalimika, nyonga ya Shee ikavunjika. Mpaka leo anatembelea mkongojo.

Basi Fundi akarudia sindano. Kofia moja, tundu kwa tundu, miaka minne! "Hii ni ya aliyenirudishia siku zangu," akasema.

"Nani huyo?" tukamuuliza.

"Ikiisha nitamtaja."

Ikaisha Jumatano. Alhamisi homa ikampanda, Ijumaa tukamzika. Hakumtaja mtu.

Matanga yalipoanuliwa, maneno yakaanza.

"Mie nilimpa hatua," akasema Mwanatumu.

"Mie nilimpa mikono, nikachukiwa," akasema Kibibi.

"Na mie nilimpa nyonga yangu," akasema Shee.

Mnajua kofia hushonwa kwa kipimo cha kichwa cha mtu. Wakapima vichwa vyao kwa uzi, vyote vitatu. Haikumwenea hata mmoja. Mwanatumu akauzungusha ule uzi kwenye kofia kuukuu ya mumewe, kisha kwenye ile mpya, kipimo kikawa kimoja; akaketi chini. "Ni kichwa chake mwenyewe," akasema, na wote watatu wakalia.

Kweli, aliyeunyanyua mguu ule ni yeye. Lakini yeye tumemlaza kwa sanda tupu, kofia haingii kaburini. Iko pale, juu ya kinu, na kinu hakitwangwi tena.

Haya, nyie mliokaa hapo: kofia ile apewe nani?