Mgeni Aliyekopa Misuli

Hadithi inapiga hodi!

— Iingie, itukute macho!

Ije mifupa mitupu?

— Ije na nyama zake!

Hapo kale, milima ingali michanga, aliishi mwanamke mmoja, Nakijwa, mtwangaji hodari. Kijijini kwao aliyeshika mchi, akiomba, hanyimwi. Na ukitwanga, mwenzako akiimba "napokea!", unamrushia mchi papo hapo. Yashikeni hayo mawili.

Adhuhuri moja watu wote wako mashambani. Nakijwa anatwanga peke yake, mwanawe Mbonea amelala kwenye kanga pembeni. Twa! Twa! Twa! Mara kuku wakanyamaza. Wote.

Akageuka. Mtu anajikokota uani kwa kucha. Ana mifupa, ana ngozi, katikati hamna kitu. Ngozi inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Nakijwa akainama amwone vizuri. Mgeni akampulizia jicho la kushoto, fuu, kisha akaukumbatia mchi.

"Mama, nikopeshe misuli ya mapaja. Nisimame."

Nakijwa alitaka kukataa. Lakini desturi ni desturi. "Chukua." Puu! Akaanguka kitako. Yule akasimama, mrefu, mrefu, mrefu.

"Mama, nikopeshe misuli ya mikono. Ninyanyue."

"Unyanyue nini, baba?"

Mgeni akaubana mchi zaidi.

"Haya, chukua." Mikono ya Nakijwa ikalala ubavuni kama si yake. Mgeni akamnyanyua Mbonea kwa mkono mmoja. Wa pili bado umeshika mchi.

"Mama, nikopeshe misuli ya taya."

"Ya nini tena?"

"Nitafune."

Eeh! Ninyi mlishang'amua zamani, si ndiyo? Ni rahisi ukiwa umekaa! Mwenzenu ndiyo kwanza anaelewa, na hofu imemjaa. Moyo nao ni msuli, jamani, na haupumziki. Ulimpiga kifuani twa, twa, twa, mpaka akausikia kama mchi kinuni.

"Nitakupa, baba. Ila kwetu mwenye mchi huimbiwa kwanza."

Ulimi bado alikuwa nao. Akaimba wimbo wa kutwanga.

Mikono ile ilikuwa ya Nakijwa tangu utotoni. Ikausikia wimbo. Ikamlaza mtoto kwenye kanga, taratibu, ikarudi kinuni. Twa! Twa! Twa! Mapaja yanakunja, yanakunjua. Mgeni anapiga kelele, "Acheni! Acheni!" Misuli haimjui.

"Napokea!" akaimba Nakijwa.

Mikono ikarusha. Mchi ukamwangukia kifuani, akaubana kwa kidevu, kwa misuli ya taya ile ile aliyoombwa.

"Sasa mwenye mchi ni mimi," akasema huku ameuma meno. "Naomba mapaja yangu. Naomba mikono yangu. Naomba uondoke."

Mgeni akaporomoka kama nguo iliyokatikiwa kamba. Akajikokota hadi vichakani, anacheka. Kuku wakalia tena. Nakijwa akamkumbatia mwanawe, akalia sana.

Alipotaka kufumba macho, la kulia likafumba. La kushoto likagoma. Msuli wa kope, ulioibwa kwa ile pumzi, hakuuomba, basi hakurudishiwa. Aliishi hadi uzee na jicho moja wazi, linatazama vichaka, hata akiwa usingizini.

Jicho lako likicheza lenyewe, pa, pa, pa, usicheke. Kuna mtu analivuta kope, aone kama linang'oka.

Mimi mikono imechoka. Pokeeni!

— Tumepokea!