Mipira ya Gari la Mama Kadija

Katika mji wa Kamina, ukitaja injini, watu walikutajia Matthias Umba. Alikuwa mwalimu wa ufundi wa magari kwa miaka ishirini na miwili, msomaji wa Maandiko kanisani, na mtu wa kuvaa tai hata siku ya kubadilisha oili. Watu wazima wenye mvi walimwita Prof. Jina hilo alilipenda kupita kiasi, na hapo ndipo penye kisa chetu, kwa maana mtu aliyezoea kuulizwa kila siku husahau jinsi ya kuuliza.

Jumatatu asubuhi Kadija, muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka Maniema, alimletea gari lake la dizeli lenye turbo. Lilikuwa limeishiwa nguvu. Kilima kidogo tu, lilihema na kupiga mluzi. Kadija alieleza kwamba baba yake alikuwa mgonjwa mahututi huko Kabondo-Dianda, na alikuwa ametuma neno kuwa anataka kumwona binti yake kabla hajafumba macho. Njia ya huko ni mashimo matupu, na gari bovu halifiki.

Matthias alifungua boneti, akasikiliza, akaugundua ugonjwa mara moja. Hilo tusimnyime. Mipira inayopitisha upepo kati ya injini, breki na turbo ilikuwa imekauka na kupasuka kama visigino vya kiangazi. Ilipaswa kubadilishwa yote, naye akaahidi kuimaliza Jumatano.

Basi wanafunzi wake wote walijua sheria moja: kabla hujachomoa mpira, uufunge kipande cha kitenge, na kwenye mdomo wa bomba ulikotoka ufunge kipande cha rangi ileile. Aliyesahau alitolewa nje ya darasa. Lakini siku ile Kadija alikuwa ameketi palepale akitazama, na Matthias aliona kwamba fundi mkuu akianza kufungafunga vitambaa ataonekana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akaichomoa mipira yote kumi na mmoja kwa mkupuo mmoja, akaitupa kwenye ndoo. Kadija alistaajabia wepesi wa mikono yake, naye akavimba kichwa.

Jumanne kichwa kilinywea. Mipira minane mipya ilipata mahali pake kwa unene wake. Miwili myembamba aliibahatisha. Wa kumi na mmoja ukamshinda kabisa. Ilikuwa imebaki midomo miwili, mmoja juu ya injini ukitoa moshi wa oili, mwingine kwenye bomba linalopeleka hewa safi kwa turbo. Moshi mchafu uingie kwenye hewa safi? Akili yake ilikataa, maana injini za zamani alizozifundisha zilipumulia nje, chini ya gari.

Alimjua mtu ambaye angemweleza. Karibu na lango la Base, kambi ya jeshi, kulikuwa na fundi aitwaye Lise, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa magari ya turbo. Lise aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Matthias alishika simu, akaitafuta namba yake, akaitazama, kisha akairudisha simu mfukoni. Mwalimu amuulize mwanafunzi wake mpira huu unakwenda wapi? Bora kufa na tai shingoni.

Mdomo ule wa juu angeuacha wazi, ungedondosha oili na Kadija angeona. Kwa hiyo aliuziba kwa bolti na kulikaza, na ule wa pili akauziba vilevile. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, akaizungusha mjini mara mbili. Moyoni hakuwa na raha hata kidogo.

Jumatano Kadija alikuja na kaka yake Feruzi, ambaye angeendesha. Kabla ya kupokea ufunguo, alimtazama Matthias usoni.

“Prof, uniambie kweli. Baba iko mubaya sana. Kama kazi haiyaisha, sema tu, minyi sitakasirika. Nitatafuta mutuka ingine.”

Mlango ulikuwa wazi, nafasi ya kupumua ilikuwa pale. Matthias alikohoa, akarekebisha tai yake.

“Mama, yote iko bien. Muende na amani.”

Saa tano baadaye simu yake ililia. Feruzi alisema kwamba gari lilikuwa limekosa nguvu kutoka mwanzo, kisha kijiti cha kupimia oili kilirushwa nje, oili ikamwagika njiani na taa nyekundu ikawaka. Alikuwa amezima injini porini, na tangu hapo hakuna gari lililopita. Matthias aliijua sababu kabla Feruzi hajamaliza kusema. Injini iliyozibwa pumzi hujitafutia pa kutokea. Maji yalipomfika shingoni ndipo alipompigia Lise, na Lise hakuuliza mengi. Alikuja na pikipiki, oili na mfuko wa mipira, akampakia mwalimu wake nyuma.

Walipofika, jua lilikuwa limeinama. Kadija alikuwa ameketi juu ya mkeka kando ya njia, ushungi umeshuka usoni. Neno lilikuwa limemfikia kabla yao. Baba yake alikata roho adhuhuri, huku akiuliza kama gari limeonekana, na kwa kuwa maiti ya Mwislamu haiwekwi, walikuwa wameshamzika baada ya alasiri.

Lise aliinama chini ya boneti. Aliihamisha ile mipira miwili myembamba, kila mmoja mahali pa mwenzake, ili turbo ipate nguvu yake, kisha akaliona lile bolti.

“Nani alifunga hapa?” aliuliza polepole.

Matthias alitamani ardhi ipasuke immeze. “Njo minyi,” alisema. “Sikujua fasi yake. Niliogopa kukuuliza, juu weye uko mwanafunzi yangu.”

Lise hakumcheka, na hilo lilimchoma zaidi. Alitoa mabolti, akaunganisha ile midomo miwili kwa mpira mmoja, akajaza oili. Kazi yote ilichukua nusu saa.

“Prof, ungeniita tu,” alisema akifuta mikono. “Weye njo ulinifundisha kushika ufunguo ya bolti. Ningekuja mbio.”

Matthias alimwendea Kadija, akapiga magoti kwenye vumbi akiwa na suruali yake ya mstari. Alitaka kuomba msamaha. Kadija aliinua uso kabla hajaanza. Hakulia, wala hakumtukana.

“Nilikuuliza, Prof,” alisema. “Nilikuuliza na kinywa yangu.”

Akainuka, akakung'uta mkeka, akaingia garini. Feruzi alishika usukani, gari likaondoka likiwa na nguvu zake zote, likapanda kilima bila mluzi, likampeleka binti kwenye matanga ya baba ambaye hatamwona tena. Matthias alibaki amepiga magoti mpaka Lise alipomshika mkono.

Tangu siku ile watu wa Kamina bado humwita Prof, naye kila akiitwa huinamisha kichwa. Mficha uchi hazai, na Matthias Umba alificha ujinga wa nusu saa mpaka binti wa watu akaukosa uso wa baba yake.